Usikimbilie Silikoni: Namna ya Kutambua na Kurekebisha Kasoro za Madirisha

Kwenye uso wa nje wa dirisha la alumini, chini kabisa ya fremu, kuna matundu mawili au matatu membamba ambayo wenye nyumba wengi hawajawahi kuyatazama. Hayakuachwa kwa bahati mbaya, wala fundi hakukosea kutoboa. Ni njia ya maji. Mvua inayosukumwa na upepo hupenya kwenye nafasi iliyopo kati ya kioo kinachoteleza na fremu yake, huangukia kwenye reli, kisha hutoka nje kwa matundu hayo. Dirisha la namna hii halikuundwa ili lisiingize hata tone. Liliundwa lipokee maji kidogo na kuyarudisha nje.

Masika yanapoanza, kati ya Machi na Mei, maji hujaa relini, yakafurika kwa ndani, yakatiririka ukutani mpaka nyuma ya kochi. Fundi akiitwa, mara nyingi huyakuta matundu yale yamezibwa na vumbi lililogandamana, na rangi ya ukutani iliyopakwa bila kuangalia, au na silikoni. Hii ya mwisho ndiyo ya kushangaza, kwa kuwa iliwekwa makusudi. Mtu aliona maji yanachuruzika mahali hapo, akadhani ndipo yanapoingilia, akaziba. Mvua iliyofuata ikamletea maji mara mbili.

Kosa hilo linafundisha namna ya kulitazama dirisha zima. Ukuta umejengwa usisogee, lakini dirisha limejaa vitu vinavyosogea hata likiwa limefungwa. Alumini hurefuka juani, mbao huvimba wakati wa mvua, maji huingia na yanahitaji pa kutokea, na watu waliomo chumbani nao wanahitaji kulifungua siku nyumba ikishika moto. Kasoro nyingi huanza pale mojawapo ya njia hizo inapozibwa au kukazwa, na matengenezo mengi mabaya ni yale yanayoongeza kuziba na kukaza.

Maji yaonekanapo sipo yaingiapo

Doa la maji ukutani huonyesha mahali maji yalipoishia. Yalikotoka ni habari nyingine. Maji yanaweza kuingia kwenye ufa wa plasta juu ya linta, yakashuka nyuma ya fremu, yakatokeza kwenye kona ya chini, na mwenye nyumba akatumia chupa nzima ya silikoni kwenye kona isiyo na hatia.

Kabla ya kununua chochote, kuna jaribio linalofanywa na watu wawili. Mmoja husimama nje na mpira wa maji, mwingine hukaa ndani na tochi na kitambaa kikavu. Kumwagia huanzia chini na kupanda juu. Kwanza kizingiti cha chini peke yake, kisha maungio ya fremu na ukuta upande mmoja, halafu upande wa pili, halafu reli na vioo, na mwisho ukuta ulio juu ya dirisha. Kila sehemu hupewa dakika 5 hadi 10 kabla ya kuhamia nyingine. Mpangilio huo una sababu. Anayeanzia juu hulowesha kila kitu kwa mkupuo, na maji yakitokea ndani hawezi kujua yamepita wapi. Pasipo na maji ya bomba, ndoo na kopo hutosha, mradi mmwagaji awe na subira.

Maji yakitokea wakati reli inamwagiwa, matundu ya kutolea maji ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Kipande cha waya laini, mswaki wa zamani na kikombe cha maji hutosha kuyafungua. Maji yakimwagwa kwenye reli upande wa ndani, yanatakiwa yaonekane yakitoka nje baada ya muda mfupi. Pale ambapo silikoni imewekwa, hukatwa kwa kisu chenye ncha na kuondolewa yote.

Hata hivyo yapo madirisha yenye matundu safi ambayo bado huingiza maji siku za dhoruba. Hapo upepo ndio wenye kesi. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukilipiga dirisha moja kwa moja una nguvu ya kuyainua maji ya relini kwa milimita 7 hivi, na ule wa kilomita 60 kwa saa huyainua kwa karibu milimita 17. Kama ukingo wa ndani wa reli ni mfupi kuliko kimo hicho, maji yatafurika hata kama fundi alifanya kazi safi. Kwa dirisha linaloelekea upande wa mvua za upepo, hasa kwenye ghorofa za juu au nyumba zinazotazama bahari, dawa ni kibaraza kidogo cha kukinga juu yake, au kuweka fremu nyingine yenye reli ya ukingo mrefu zaidi. Silikoni haina msaada hapo.

Maji yakitokea wakati kizingiti cha chini kinamwagiwa, fundi uashi ndiye wa kuitwa. Kizingiti cha nje kinapaswa kuinamia nje na kuwa na mfereji mdogo upande wa chini wa ukingo wake, ili tone likifika hapo lidondoke badala ya kurudi kwenye ukuta. Njia rahisi ya kukagua ni kuweka gololi au kumwaga maji kidogo juu yake. Yakielekea ndani, kizingiti kiliwekwa vibaya, na kitaendelea kuleta maji mpaka kirekebishwe kwa saruji yenye mwinamo sahihi.

Maungio ya fremu na ukuta ndipo silikoni inapostahili, nayo ina aina zake. Ile inayotoa harufu kali ya siki inapokauka hutoa asidi inayoweza kula vyuma, nayo yenyewe haishikani vizuri na saruji. Kwenye plasta na zege hufaa silikoni isiyotoa harufu hiyo. Sehemu inayowekwa lazima iwe kavu, na silikoni ya zamani iondolewe kwanza, kwa kuwa mpya haishiki juu ya kuukuu. Hukauka kuanzia nje kwenda ndani, kwa milimita 2 au 3 tu kwa siku. Ndiyo maana mstari mnene uliowekwa saa moja kabla ya mvua huishia kubanduka.

Kuna maji mengine ambayo hayatoki nje kabisa. Njombe, Makete, Mbeya na Limuru, miezi ya Juni na Julai, watu huamka wakakuta vioo vimelowa kwa ndani na matone yametuama kwenye fremu, wakati usiku hakukunyesha. Huo ni mvuke wa pumzi, wa kupika na wa nguo zilizoanikwa chumbani, uliogusa kioo baridi ukageuka maji. Dawa yake ni hewa. Dirisha lifunguliwe kidogo mchana, na nguo zianikwe nje. Kuziba kila upenyo ili chumba kipate joto huongeza unyevu, na huleta hatari kubwa zaidi pale jiko la mkaa linapoingizwa ndani. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, ambayo katika chumba kilichozibwa huua watu wakiwa usingizini. Matofali ya matundu yaliyo juu ya madirisha ya nyumba nyingi yaliwekwa kwa ajili ya hewa, na hayafai kujazwa matambara.

Dirisha linalogoma kuteleza

Dirisha la kuteleza linapoanza kuwa zito, watu wengi hutafuta mafuta. Grisi na mafuta ya kupikia hulainisha kwa siku chache, kisha hushika vumbi na mchanga, na mchanganyiko huo husaga magurudumu madogo ya plastiki yanayolibeba dirisha. Kazi ya kwanza ni kusafisha. Vumbi la reli huondolewa kwa brashi kavu, halafu kitambaa chenye maji ya sabuni, halafu reli inaachwa ikauke. Anayetaka kulainisha hutumia mshumaa mkavu uliosuguliwa kwenye reli, au dawa ya kupuliza ya silikoni ambayo hukauka.

Dirisha likibaki zito baada ya hapo, kasoro iko kwenye magurudumu. Kwenye pembe za chini za kipande kinachotembea, upande wa ubavuni, madirisha mengi yana skrubu ndogo iliyojificha ndani ya tundu. Kuizungusha hupandisha au kushusha gurudumu. Dirisha lililolala upande mmoja, ambalo komeo lake halikutani tena na tundu lake, mara nyingi hunyooka kwa mizunguko miwili mitatu ya bisibisi. Gurudumu lililovunjika hubadilishwa, na hapo kipande kizima hunyanyuliwa juu na kutolewa kwenye reli. Kazi hiyo inahitaji watu wawili. Mita moja ya mraba ya kioo chenye unene wa milimita 5 ina uzito wa kilo 12 na nusu kabla hata ya kuhesabu alumini yake.

Ukanda wa mpira unaokishika kioo nao huzeeka. Jua huukausha, ukapungua urefu, ukaacha wazi kona ambazo maji na kelele hupita. Ukanda mpya hukatwa ukiwa mrefu kidogo kuliko nafasi yake na kusukumizwa ndani bila kuvutwa. Ukivutwa wakati wa kuwekwa, baada ya miezi michache utarudi kwenye urefu wake na pengo litafunguka tena.

Mpira huo una kazi ambayo macho hayaioni. Joto likipanda kwa nyuzi 40, kama inavyotokea kwa fremu nyeusi inayopigwa na jua la mchana, alumini ya urefu wa mita 2 hurefuka kwa karibu milimita 1.8. Kioo cha urefu huohuo hurefuka kwa takriban milimita 0.7 tu. Tofauti hiyo ya zaidi ya milimita moja humezwa na mpira. Fundi anayekibana kioo moja kwa moja kwenye alumini, bila mpira na bila nafasi pembeni, anakiandalia kupasuka siku ya jua kali.

Pwani kuna adui mwingine. Unga mweupe unaojitokeza kwenye alumini kuzunguka skrubu ni dalili kwamba metali mbili tofauti zimekutana kwenye unyevu wenye chumvi, na alumini ndiyo inayoliwa. Kuosha fremu kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara kwa mara hupunguza uharibifu huo. Skrubu zilizoshika kutu zibadilishwe na kuwekwa zisizoshika kutu, zikiwa na kipande cha plastiki cha kuzitenganisha na fremu.

Mbao na chuma

Dirisha la mbao hugoma wakati wa mvua, na hapo ndipo makosa yanapofanyika. Seremala huitwa mwezi wa Aprili, mbao zikiwa zimevimba, akapiga randa mpaka dirisha likafunga vizuri. Kiangazi kinapofika mbao hunywea, na dirisha lililokuwa likigoma sasa linacheza na kuingiza vumbi. Wakati wa masika inatosha kusugua msasa mahali panapogusa, pakishaonekana kwa alama ya chaki iliyopakwa kwenye ukingo. Randa isubiri mbao zikauke.

Kinachovimbisha ni maji yanayoingia mahali pasipopakwa rangi, na mahali panaposahauliwa zaidi ni ukingo wa chini wa mlango wa dirisha. Hauonekani, kwa hiyo mpakaji rangi huuruka, na ndio unaosimama kwenye maji. Kuushusha mlango huo kwenye bawaba, kuukausha na kuupaka rangi ukingo huo mara mbili ni kazi ya nusu siku, nayo huzuia ugomvi wa kila mwaka.

Kuoza hupimwa kwa bisibisi. Ikisukumwa kwa mkono kwenye mbao nzima, hugonga. Kwenye mbao iliyooza huzama. Kipande kilichooza hukatwa mpaka kwenye mbao nzima na kuungwa kipya. Kupaka rangi juu yake ni kufungia unyevu ndani. Mchwa huacha njia za udongo ukutani, na fremu iliyoliwa hutoa sauti tupu ikigongwa. Mvule na mtiki hustahimili mchwa kuliko mbao laini za msonobari, lakini hata hizo hazitadumu kama njia za udongo zinazotoka kwenye msingi hazijakatwa.

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, kuna somo la pekee. Kuta za nyumba zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vinavyofyonza unyevu na kuuachia tena. Fremu ya mbao ikilegea kwenye ukuta wa namna hiyo na pengo likajazwa saruji, unyevu hukosa njia, ukabaki umeizunguka mbao mpaka ikaoza. Pengo hilo hujazwa chokaa na mchanga kama lilivyojazwa mwanzo, hata kama chokaa huchukua muda mrefu zaidi kukauka.

Madirisha ya chuma, ambayo yamejaa kwenye shule, ofisi za zamani na nyumba nyingi za Kenya, huumwa na kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, na nguvu yake ya kusukuma ni kubwa. Kioo kinapopasuka kwenye kona bila kuguswa na mtu, mara nyingi kutu imejaa chini ya puti inayokishikilia, ikakisukuma. Kuweka kioo kipya bila kuondoa kutu hiyo ni kununua mpasuko mwingine. Chuma husuguliwa kwa brashi ya waya mpaka king'ae, hufutwa vumbi, hupakwa rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, na ndipo puti na kioo vinapofuata.

Kubadilisha kioo

Kioo kilichopasuka kidogo huvumiliwa kwa utepe wa gundi kwa miaka, mpaka siku mtoto anapokiegemea. Kwenye dirisha la mbao au chuma, kukibadilisha ni kazi anayoiweza mtu mwenye glavu nene, viatu vilivyofunika vidole na miwani ya kukinga macho. Kioo cha zamani hubandikwa utepe wa gundi pande zote kabla ya kugongwa, ili vipande visiruke. Vipande vifungwe kwenye boksi gumu, kwa sababu vikiwa kwenye mfuko wa nailoni humkata mzoa taka.

Vipimo ndivyo vinavyoharibu kazi nyingi. Nafasi hupimwa mahali patatu kwa upana na patatu kwa kimo, kwa kuwa fremu chache zimenyooka kikamilifu, na kipimo kidogo ndicho kinachochukuliwa. Kisha hupunguzwa milimita 3 kwenye kila kipimo, upana na kimo, ili kioo kipate pa kupumulia. Kioo kinachoingia kwa kulazimishwa kitapasuka.

Puti ya asili ni unga laini wa chaki uliokandwa kwa mafuta ya kitani. Mbao kavu huyafyonza mafuta hayo na kuiacha puti ikiwa unga mtupu. Hivyo fremu hupakwa kwanza rangi ya msingi. Utandazwe utando mwembamba wa puti ndani ya fremu, kioo kikandamizwe kwa kushika kingoni na kamwe si katikati, kishikizwe kwa misumari midogo au vibanio vya chuma, na ndipo puti ya nje ipigwe kwa mwinamo unaoyateremsha maji. Hupakwa rangi baada ya wiki moja au mbili, ikishafanya ngozi, na rangi ivuke mpaka iguse kioo kwa milimita 2. Mstari huo mwembamba wa rangi juu ya kioo, ambao wengi huukwangua kwa wembe wakidhani ni uchafu, ndio unaozuia maji yasiingie nyuma ya puti.

Vioo vya madirisha si vya aina moja. Vingi hutengenezwa kwa kumimina kioo kilichoyeyuka juu ya bati lililoyeyuka, njia ambayo kampuni ya Pilkington ya Uingereza iliitangaza mwaka 1959. Afrika Mashariki iliagiza vioo hivyo kutoka mbali kwa miaka mingi, na mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha kuvitengeneza huko Mkuranga, mkoani Pwani. Kioo hicho cha kawaida hukatwa kwa almasi ya fundi na hupasuka kwa vipande virefu vyenye makali. Bafuni, kwenye baraza na kwenye madirisha yanayofika karibu na sakafu hufaa kioo kilichoimarishwa kwa joto, ambacho kikivunjika humwagika kwa punje ndogo. Hicho hakikatwi tena baada ya kuimarishwa, kwa hiyo kosa la kipimo ni hasara kamili.

Kwa madirisha ya luva, ambayo bado yapo kwenye nyumba nyingi za zamani, kazi ni ndogo zaidi. Kipande kimoja kikivunjika huchomolewa na kingine kuingizwa. Urahisi huo huo ndio udhaifu wake, kwa kuwa mwizi naye huchomoa. Vishikio vya alumini vilivyopinda vibadilishwe, na pasitarajiwe kwamba luva itazuia mvua ya upepo, kwani haikuundwa kwa kazi hiyo.

Wavu wenye tundu moja

Wavu wa dirishani ni kinga ya malaria. Mwaka 1900 daktari Patrick Manson wa London aliwapeleka madaktari Louis Sambon na George Carmichael Low kuishi katika kibanda karibu na Ostia, nchini Italia, eneo lililojulikana kwa malaria. Walishinda nje mchana kama wengine, lakini kabla ya jua kuzama waliingia kwenye kibanda ambacho milango na madirisha yake yalikuwa na wavu. Msimu wa malaria ulipita bila wao kuugua, huku majirani wakiugua.

Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulilipima jambo hilo kwenye nyumba za kawaida. Nyumba zilizowekewa wavu milangoni na madirishani, na mianya ya chini ya paa ikazibwa, ziliingiza mbu pungufu kwa asilimia 59. Watoto wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 12 kwenye nyumba hizo, dhidi ya asilimia 19 kwenye nyumba zisizo na wavu.

Faida hiyo hupotea kwa mambo madogo. Tundu la wavu linalozidi milimita moja na nusu linaanza kuwafaa mbu. Wavu wa nailoni hukauka juani na kuchanika kwenye kona, ambako umevutwa zaidi. Kitundu kidogo hushonwa kwa uzi, au hubandikwa kiraka cha wavu uleule kwa gundi isiyoyeyushwa na maji. Mchaniko wa kona unahitaji wavu mpya. Kwenye fremu za alumini hung'olewa ukanda wa mpira uliousokomeza wavu kwenye mfereji, wavu mpya hutandazwa bila kuvutwa sana, na ukanda hurudishwa.

Dirisha la kuteleza lina mwanya ambao watu hawaujui. Kioo kikiachwa nusu wazi, ukingo wake haukutani na ukingo wa wavu, na kati yao hubaki nafasi ya wima inayomtosha mbu kwa raha. Kioo kifunguliwe chote mpaka kingo zikutane, au kifungwe kabisa. Wavu pia unahitaji kuoshwa, kwa kuwa vumbi linaloziba vitundu vyake hukata hewa, na chumba kikiwa cha moto watu hufungua wavu wenyewe.

Nondo na moto

Nondo za dirishani huwekwa kwa ajili ya wezi, na kwenye ghorofa huwakinga watoto wasianguke. Zikichomelewa moja kwa moja ukutani kwenye kila dirisha, huifanya nyumba isiwe na njia ya pili ya kutokea. Machi 2001, moto ulioteketeza bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, wilayani Machakos nchini Kenya, uliua wanafunzi 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na serikali ya Kenya mwaka 2008 unataka madirisha ya mabweni yasiwe na nondo na yafunguke kwa urahisi kwenda nje.

Nyumbani, suluhisho ambalo mafundi wa kuchomelea wanalijua ni kuwa na angalau dirisha moja katika kila chumba cha kulala lenye nondo zinazofunguka kwa bawaba, na kufuli upande wa ndani. Ufunguo wake huning'inizwa mahali ambapo kila mwenye kulala humo, pamoja na watoto na msaidizi wa nyumbani, anaweza kuufikia gizani, lakini mkono wa mtu aliye nje hauwezi. Bawaba na kufuli hizo hushika kutu kama chuma kingine. Zisipofunguliwa walau mara chache kwa mwaka na kutiwa mafuta, siku ya moto zitakuwa zimegeuka kuwa nondo za kawaida.

Lini, na kwa fundi yupi

Kwa nyumba za pwani na zile zinazopata mvua mara mbili kwa mwaka, miezi ya ukaguzi ni Februari, kabla ya masika, na Septemba, kabla ya vuli. Mbao zinakuwa kavu, silikoni inapata muda wa kukauka, na mafundi hawajazidiwa na kazi. Ukaguzi wenyewe hauhitaji ujuzi: kufungua na kufunga kila dirisha, kumwaga kikombe cha maji relini, kuchoma mbao kwa bisibisi, kutazama wavu dhidi ya mwanga, na kufungua nondo zinazofunguka.

Kazi ya kusafisha, kulainisha, kubadilisha mpira, kushona wavu na kupaka rangi inaweza kufanywa na wenye nyumba. Dirisha lililo ghorofani linalofikiwa kwa nje tu, kioo kikubwa kinachozidi mita moja ya mraba, linta yenye ufa na fremu iliyoachana na ukuta ni vya fundi. Mwenye nyumba akimwita, amuulize kwanza maji yanapita wapi na amejuaje. Anayetoa chupa ya silikoni kabla ya kujibu bado hajalichunguza dirisha. Malipo ya mwisho yanafaa kusubiri jaribio la mpira wa maji kwa dakika 10, fundi akiwa nje na mwenye nyumba ndani na kitambaa kikavu mkononi.